Kichwa Kisichofika: Kutafuta Hitilafu za Vichwa vya Majibu katika Seva Mbalimbali za Mtandao

0. UTANGULIZI

Wanaoshughulika na Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu wamezoea kuihoji matini kabla ya kuitumia: nani aliisimulia, lini, mahali gani, kwa lahaja ipi, na nani aliihakiki. Leo matini hizo hazikai tena katika majalada na kaseti peke yake. Zinawekwa katika seva, yaani kompyuta inayongoja maombi ya wasomaji na kuyajibu, na msomaji aliye mbali huzipokea kwa kivinjari chake. Hapo huzaliwa tatizo ambalo mwanaisimu hakufunzwa kulitatua: maelezo muhimu yanayopaswa kuandamana na matini yaweza kupotea njiani pasipo mtu kutambua, ilhali matini yenyewe inafika salama.

Tuchukue mfano wa kubuni utakaotusindikiza katika makala haya. Tuseme idara moja imekusanya shuhuda za wazee waliofanya kazi migodini. Wazee wamekubali maneno yao yasomwe na watafiti watakaopewa anwani, lakini hawapendi majina yao yatokee kila mtu anapoyaandika katika injini ya utafutaji. Idara inaamua kwamba kila jibu la seva litabeba maelezo mawili ya ziada: moja linaloziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe matini, na jingine linalosema kama matini ni rasimu au imekwisha kuhakikiwa. Mwalimu anayehusika anafungua ukurasa wa mbele, anayaona maelezo yote mawili, anaridhika. Miezi michache baadaye, jina la mzee mmoja linaonekana katika injini ya utafutaji, na mwanafunzi wa mbali amenukuu rasimu yenye makosa akidhani ni matini kamili. Hakuna aliyefuta agizo lolote. Basi maelezo yamepotelea wapi?

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo. Tutaeleza kwanza maelezo hayo ni nini, kisha njia yanayopita, kisha jinsi seva tatu zinazojulikana sana, yaani Apache, Nginx na IIS, zinavyotofautiana katika kuyashughulikia. Rai yetu ni hii: kosa la namna hii halitafutwi kwa kubahatisha wala kwa kuongeza maagizo juu ya maagizo. Hutafutwa kwa kuuliza jibu lenyewe katika kila kituo linachopita, tukianzia penye chanzo.

1. KICHWA CHA JIBU NI NINI?

Mawasiliano baina ya kivinjari na seva hufuata kanuni ziitwazo HTTP, ambazo msingi wake uliwekwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Katika umbo la kwanza la mwaka 1991 kanuni hizo zilikuwa nyepesi mno: kivinjari kiliomba ukurasa, seva ikatoa ukurasa, basi. Jibu halikuwa na maelezo yoyote juu yake lenyewe. Toleo la 1.0, lililochapishwa mwezi wa Mei 1996, ndilo lililothibitisha utaratibu tulio nao hadi leo: kabla ya kiini cha jibu hutangulia mistari ya maelezo, na kila mstari una jina, nukta mbili, na thamani. Mistari hiyo tunaiita hapa vichwa vya jibu. Atakaye mfano wa karibu na afikirie bahasha: barua iko ndani, lakini anayeibeba husoma yaliyoandikwa juu.

Jibu la seva ya idara yetu lingepaswa kuanza hivi:

HTTP/1.1 200 OK
Content-Type: application/pdf
Content-Language: swc
X-Robots-Tag: noindex
Hali-Ya-Matini: rasimu

Mstari wa kwanza unataja toleo la kanuni na nambari ya hali. 200 maana yake ombi limefanikiwa. Content-Type hutaja aina ya faili. Content-Language hutaja lugha ya wasomaji waliokusudiwa, na hapa wanaisimu watafurahi kujua kwamba orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 inatofautisha swc, yaani Kiswahili cha Kongo, na swh, huku swa ikiwa jina la jumla linalovikusanya vyote viwili. Msimbo mfupi wa sw unajulikana zaidi, lakini hautofautishi lahaja.

Vichwa viwili vya mwisho ndivyo tunavyoviita vichwa vya ziada, kwa kuwa seva haivitoi mpaka iagizwe. X-Robots-Tag hutambuliwa na injini za utafutaji. Google ilianza kuitumia mwaka 2007. Manufaa yake ni makubwa hasa kwa mafaili ya PDF na ya sauti, kwa sababu ukurasa wa kawaida unaweza kubeba ombi hilo ndani ya kiini chake, lakini faili la sauti haliwezi. Kwa faili kama hilo kichwa ndicho kinywa chake cha pekee. Hali-Ya-Matini, kwa upande wake, ni jina tulilolibuni wenyewe. Zamani watu walizoea kuanzisha majina ya kubuni kwa X na kistari. Mwaka 2012 waraka wa RFC 6648 ulishauri desturi hiyo iachwe, kwani jina la majaribio likishaenea huwa gumu kulibadilisha. Majina ya zamani yaliyokwisha kuzoeleka, kama X-Robots-Tag, yamebaki yalivyo.

Tuongeze onyo moja. Kichwa hiki ni ombi, si kufuli. Injini yenye adabu hulitii. Asiye na adabu hulipuuza. Tena, kama faili la robots.txt linazikataza injini zisilifungue faili, hazitakiona kamwe kichwa kilichomo katika jibu lake, na anwani ya faili hilo yaweza bado kuorodheshwa. Matini ya siri kweli hulindwa kwa nywila, au haiwekwi mtandaoni.

2. NJIA LINAYOPITA JIBU

Mtu akiona kichwa hakipo, kwa kawaida hulaumu seva. Lakini mjumbe hauawi kabla hajaulizwa, na hapa wajumbe ni wengi. Jibu la kawaida hupita vituo vifuatavyo:

(a) programu inayoandaa ukurasa, kwa mfano iliyoandikwa kwa PHP;
(b) seva ya mtandao, kwa mfano Apache, inayopokea kazi ya programu na kuituma;
(c) proksi, yaani seva nyingine iliyosimama mbele ya ile ya kwanza, kwa mfano Nginx;
(d) hifadhi ya muda, inayotunza nakala za majibu ili isimsumbue mwenye mali kila mara;
(e) kivinjari cha msomaji, ambacho nacho kina hifadhi yake;
(f) programu ndogo inayotumika ndani ya kivinjari na kutaka kusoma vichwa.

Kila kituo kinaweza kuongeza kichwa, kukibadilisha, kukirudia mara mbili au kukiondoa. Kwa hiyo swali si "kwa nini kichwa hakipo?" bali "kilionekana kwa mara ya mwisho katika kituo kipi?"

3. KULIULIZA JIBU

Chombo kinachofaa kuliko vyote ni programu ya curl, inayopatikana katika Linux na macOS, na katika Windows 10 tangu mwaka 2018. Agizo lenyewe ni hili:

curl -s -D - -o /dev/null https://maktaba.example/shuhuda/07.pdf

Agizo hili huomba faili kama msomaji anavyoliomba, huonyesha vichwa, na kukitupa kiini. (Katika Windows, NUL huandikwa mahali pa /dev/null.) Wengi hutumia curl -I kwa kuwa ni fupi, lakini ile hutuma ombi la namna nyingine, linalodai vichwa peke yake, na baadhi ya programu hulijibu tofauti na ombi la kawaida. Anayetaka kujua msomaji anapata nini na aulize kama msomaji.

Baada ya kuuliza kutoka nje, tuulize kutoka ndani. Agizo la pili hupuuza anwani inayotangazwa na mtandao na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta tunayoitaja. Namba ifuatayo ni ya mfano tu:

curl -s -D - -o /dev/null --resolve maktaba.example:443:192.0.2.10 https://maktaba.example/shuhuda/07.pdf

Kama kichwa kipo tunapoiuliza seva yenyewe, lakini hakipo tunapopitia njia ya kawaida, hitilafu iko katika proksi au katika hifadhi. Kama hakipo hata kwenye seva, hakuna haja ya kuisumbua proksi. Kwa maswali mawili tu tumekwisha kuigawa njia nusu kwa nusu.

Mtafiti ajihadhari na makosa matatu ya kusoma. Kwanza, majina ya vichwa hayatofautishi herufi kubwa na ndogo. Katika HTTP/2, ya mwaka 2015, na HTTP/3, ya mwaka 2022, majina yote husafirishwa kwa herufi ndogo, hivyo Hali-Ya-Matini itaonekana kama hali-ya-matini. Anayetafuta kwa kulinganisha herufi kwa herufi atasema kichwa hakipo, nacho kipo mbele ya macho yake. Pili, ukurasa mmoja si kipimo cha kurasa zote. Inafaa kuuliza ukurasa wa mbele, faili la PDF, faili la sauti, na anwani isiyokuwepo. Tatu, pengine agizo jipya halijaanza kutumika kwa sababu seva haijasomeshwa upya mipangilio yake. Amri ya nginx -t na ya apachectl configtest hukagua sarufi ya mipangilio. Amri ya nginx -T huonyesha mipangilio yote jinsi seva inavyoiona. Amri ya apachectl -S huonyesha ni sehemu ipi inayohudumia jina gani. Mara nyingi mtu huhariri faili moja kwa bidii, kumbe ombi linahudumiwa na jingine.

4. SEVA TATU, SHERIA TATU ZA URITHI

Mipangilio ya seva hupangwa kwa ngazi, kama ukoo: kuna agizo la seva nzima, la tovuti moja, la saraka moja, la aina moja ya faili. Ngazi ya chini hurithi ya juu. Lakini sheria za urithi hazifanani, na hapo ndipo mtu aliyezoea seva moja hujikwaa anapohamia nyingine.

4.1. Apache

Katika Apache, ambayo ilianza mwaka 1995, vichwa hushughulikiwa na moduli iitwayo mod_headers. Agizo lake ni:

Header set X-Robots-Tag "noindex"

Urithi hapa ni wa kujumlisha: maagizo ya ngazi ya juu hutekelezwa kwanza, ya ngazi ya chini hufuata. Kwa hiyo mtoto hapotezi mali ya baba, ila anaweza kuibadilisha kwa set au kuiondoa kwa unset. Kichwa kisipoonekana, chunguza mambo matatu.

La kwanza: je, moduli imewashwa? Katika Debian na jamaa zake huwashwa kwa amri ya a2enmod headers. Isipowashwa, Apache hulalamika kwamba hailijui neno Header. Hata hivyo, kama agizo limefungwa ndani ya sharti la IfModule, malalamiko hayatolewi: agizo linarukwa kimyakimya. Sharti hilo, linalonakiliwa sana na watu, hugeuza kosa la wazi kuwa kosa la siri.

La pili: je, agizo limo katika faili la .htaccess? Faili hilo husomwa tu pale AllowOverride inaporuhusu, na kwa agizo la Header ruhusa inayohitajiwa ni FileInfo. Katika matoleo ya 2.4 thamani ya asili ni None, maana yake faili halisomwi kabisa. Tovuti iliyofanya kazi katika seva ya zamani huweza kunyamaza katika seva mpya kwa sababu hiyo tu.

La tatu: je, jibu ni la kosa? Apache ina orodha mbili za vichwa. Agizo la kawaida huandika katika orodha ya majibu yaliyofanikiwa. Vichwa vyake havitolewi katika kurasa za makosa. Anayetaka kichwa kitolewe hata hapo huandika Header always set. Lakini orodha hizo mbili hazijuani: programu ikiwa imekwisha kuandika kichwa katika orodha ya kwanza, nasi tukakiandika katika ile ya pili, msomaji atakipata mara mbili.

4.2. Nginx

Nginx, iliyotolewa hadharani mwaka 2004 na Igor Sysoev, ina sheria inayowashangaza wengi, nayo ndiyo iliyowaangusha watu wa idara yetu. Tuangalie mipangilio yao:

server {
    add_header X-Robots-Tag "noindex" always;
    add_header Hali-Ya-Matini "rasimu" always;

    location ~ \.(pdf|mp3)$ {
        add_header Cache-Control "public";
    }
}

Msomaji asiyejua sheria atasema mafaili ya PDF yatapata vichwa vitatu. Yatapata kimoja tu: Cache-Control. Katika Nginx, ngazi ya chini hurithi maagizo ya add_header ya ngazi ya juu kama tu yenyewe haina hata agizo moja la namna hiyo. Ni kama mtoto aliyenunua jembe lake mwenyewe, akanyimwa shamba lote la baba. Mtu mwenye nia njema alitaka kuwapunguzia wasomaji gharama ya kupakua faili lile lile mara mbili, akaongeza mstari mmoja. Papo hapo mafaili yale ambayo hayana njia nyingine ya kujitetea yakapoteza ulinzi wao. Ukurasa wa mbele, ambao si PDF, ulibaki na vichwa vyake, na ndiyo maana mwalimu aliyeuangalia huo peke yake aliridhika.

Dawa yake ni kurudia maagizo yote katika kila ngazi yenye agizo lake, au kuyaweka katika faili moja dogo na kuliita kwa include kila yanapohitajiwa. Katika mwaka 2025 Nginx iliongeza agizo la add_header_inherit linaloruhusu urithi wa kujumlisha. Lakini lisipoandikwa, sheria ya zamani ndiyo inayotawala, na seva nyingi bado zinatumia matoleo ya nyuma.

Mambo mengine mawili yanahusu Nginx. Bila neno always, add_header hutoa kichwa kwa nambari chache tu za hali, kama 200, 204, 301, 302 na 304. Kurasa za 404 au 500 hazipati kitu. Tena, ombi huweza kuhamishwa ndani ya seva kutoka fungu moja la location hadi jingine, kwa mfano index inapoelekeza kwenye index.php. Vichwa vinavyotolewa ni vya fungu la mwisho, si vya lile ombi lilikoanzia.

4.3. IIS

Katika IIS ya Microsoft, vichwa huandikwa katika faili la web.config, ndani ya sehemu ya customHeaders. Hapa urithi ni wa kujumlisha, lakini haukubali majina mawili yanayofanana. Ikiwa tovuti mama imekwisha kutaja X-Robots-Tag, na saraka ya ndani ikaitaja tena, seva haichagui mojawapo. Hukataa kazi yote na kutoa kosa la 500.19. Anayehamisha mipangilio kutoka Nginx, ambako kurudia ni wajibu, atashangaa kuona kurudia huko kunaiangusha tovuti nzima. Dawa ni kuondoa kwanza kile cha kurithi, kisha kuandika kipya:

<remove name="X-Robots-Tag" />
<add name="X-Robots-Tag" value="noindex" />

Kwa muhtasari: katika Apache mtoto hurithi na anaweza kubadilisha, katika Nginx mtoto mwenye chake hupoteza vyote, katika IIS mtoto hurithi vyote na hakatazwi kuongeza, ila asitaje tena kilichokwisha kutajwa.

5. PROGRAMU ILIYO NYUMA YA SEVA

Wengine hupendelea kuandika vichwa ndani ya programu. Ni njia halali, ila ina mipaka miwili. Mosi, mafaili ya PDF na ya sauti kwa kawaida hutolewa na seva moja kwa moja bila kupitia programu. Kichwa kilichoandikwa katika PHP hakiyagusi.

Pili, katika PHP vichwa lazima vitangulie kiini. Herufi moja ikishatoka, hata nafasi tupu kabla ya alama ya kuanzia programu, mlango wa vichwa umefungwa. Wahariri wengine wa matini huweka mwanzoni mwa faili alama isiyoonekana ya usimbaji wa UTF-8, na hiyo nayo huhesabiwa kuwa ni kiini. Jambo linalotatanisha zaidi ni kwamba katika kompyuta ya mtengenezaji kila kitu huweza kwenda sawa, kwa kuwa PHP yake imepangwa kukusanya kiini kwanza kabla ya kukituma, kisha kosa likatokea katika seva ya chuo isiyo na mpango huo. Programu ni ile ile; ni output_buffering iliyotofautiana.

6. PROKSI NA HIFADHI YA MUDA

Nginx ikisimama mbele ya Apache kama proksi, kwa kawaida huvipitisha vichwa vya Apache, isipokuwa vichache kama Server na Date inavyoviandika upya. Lakini add_header ya Nginx huongeza, haibadilishi. Ikiwa Apache imekwisha kuandika kichwa, na Nginx ikakiandika pia, jibu litakuwa nacho mara mbili. Kwa X-Robots-Tag marudio hayo hayadhuru. Kwa Access-Control-Allow-Origin yanadhuru: kivinjari kikiona thamani mbili hulikataa jibu. Kwa hiyo, tuchague kituo kimoja kitakachomiliki kichwa, na katika Nginx tutumie proxy_hide_header kukizuia kile cha nyuma.

Hifadhi ya muda nayo hutunza jibu pamoja na vichwa vyake. Tukirekebisha kosa leo, nakala ya jana yenye upungufu yaweza kuendelea kutolewa. Kichwa cha Age kikionekana katika jibu, tujue limetoka katika hifadhi, na thamani yake ni umri kwa sekunde. Kabla ya kuhukumu kwamba marekebisho hayakufaa, tuifute hifadhi hiyo kwanza.

7. KICHWA KIPO, LAKINI HAKISOMEKI

Mara nyingine curl huonyesha kichwa, mtafiti hukiona pia katika kivinjari, lakini programu ndogo ya ukurasa husema hakipo. Hii si hitilafu ya seva bali ni kanuni ya ulinzi. Programu iliyotoka katika tovuti moja, ikiomba jibu kwa tovuti nyingine na kuruhusiwa, husomeshwa vichwa saba tu: Cache-Control, Content-Language, Content-Length, Content-Type, Expires, Last-Modified na Pragma. Vingine vyote hufichwa mpaka seva ivitaje:

Access-Control-Expose-Headers: Hali-Ya-Matini

Tuangalie pia mtego mwingine wa aina hiyo. Programu ya seva ikianguka na kutoa kosa la 500, na vichwa vya ruhusa vikawa vimeandikwa bila always, kivinjari kitalalamika kwamba ruhusa haipo. Mtu atapoteza siku nzima akirekebisha ruhusa, wakati ugonjwa wenyewe ni kule kuanguka kwa programu.

8. SUALA LA HERUFI

Thamani ya kichwa iliyo salama huandikwa kwa herufi za ASCII, yaani alfabeti ya Kirumi isiyo na alama za juu. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa kuwa tahajia yake haihitaji alama hizo. Lakini katika nchi yetu Kiswahili huishi pamoja na Kifaransa. Mtu akiandika katika kichwa neno Université kwa UTF-8, herufi ya mwisho hutumwa kwa baiti mbili, na msomaji anayezisoma kwa usimbaji wa zamani wa ISO-8859-1 huona UniversitÃ©.

Hata Kiswahili kina mwiba mmoja: ng'. Programu za kuandikia hupenda kuibadilisha alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo katika ASCII. Kichwa chenye neno ng'ambo kilichonakiliwa kutoka katika waraka huweza kukataliwa kabisa na seva iliyoandikwa kwa Node.js, huku seva nyingine ikikipitisha kikiwa kimeharibika. Njia nyofu ni kuweka katika kichwa misimbo mifupi, kama rasimu, imehakikiwa au swc, na kuyaacha majina kamili ndani ya kiini.

9. HITIMISHO

Tumeona kwamba maelezo ya wazee wale hayakuibwa wala kufutwa. Yalipotezwa na mstari mmoja halali, ulioandikwa kwa nia njema, katika seva ambayo sheria yake ya urithi haikujulikana. Kilichokosekana ni desturi ya kuuliza.

Atakayekutwa na tatizo kama hili na afuate utaratibu huu: aulize jibu kwa curl, si kwa macho ya kivinjari, aulize faili lenyewe lenye shida, si ukurasa wa mbele, aulize kwenye chanzo, kisha kwenye proksi, kisha nje, ahakikishe mipangilio imesomwa upya na hifadhi imefutwa, akumbuke sheria ya urithi ya seva anayoitumia, aulize pia ukurasa wa kosa. Kila mipangilio inapoguswa, hata kwa jambo lisilohusika, maswali yaulizwe upya, na ni vema orodha ya anwani nne au tano za kuuliza ihifadhiwe pamoja na mkusanyo wenyewe.

Mhakiki wa matini hachapishi kitabu bila kusoma nakala ya mwisho kutoka kwa mpiga chapa, hata kama aliisoma miswada yote iliyotangulia. Katika mtandao, nakala hiyo ya mwisho ni jibu linalomfikia msomaji, pamoja na vichwa vyake. Mzee aliyetuamini kwa jina lake hawezi kwenda kulisoma jibu hilo kwa niaba yetu. Kazi hiyo ni yetu.